Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Karani wa vitambulisho ameinua kalamu.
"Beli nani?" "Sanda." "Sanda ya maiti?"
"Hiyo hiyo," namwambia. "Herufi tisa,
na usiniwekee R mahali pa L."

Foleni nzima inageuka.
Mwalimu wa Kiswahili pale Kombewa
naye aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa:
tazameni mtoto aliyepewa jina na kitambaa cha kaburi kwa mpigo mmoja.
Nilicheka nao. Sikujua alivyokuwa karibu.

Nilizaliwa msimu wa kupalilia mtama,
nikalia.
Siku nne, kitovu kikitaka kupasuka.
Dani akanipakata, akawaita wafu mmoja mmoja
kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli la jirani:
Atoka, ni wewe? Nyangweso?
Abuto wa ng'ambo ya mto, uliyekufa ukidai mbuzi wako?
Nikazidi. Hakuna aliyeitika.

Nyuma ya pazia, baba yangu, Zablon Rabuor,
alikuwa na mtihani wa ualimu Jumatatu
na kitabu kisicho na jalada.
Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari,
koroboi ikimpaka masizi puani,
Kiingereza cha watu waliokufa kabla reli haijafika ziwani.
Akafikia jina. Akalitamka vibaya. Akalirudia.

Nikanyamaza.

Wanasema hata mbwa aliacha kujikuna.

"Nani huyo?" Dani akauliza.
"Mtu wa kitabuni, mama. Si wa kweli."
"Amekufa?"
Baba akafunua hadi mwisho.
"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Homa ya kifua."
"Wamemzika kwao?"
"Wamemwacha kando ya barabara, theluji ikimfunika."
"Theluji ndiyo nini?"
"Mvua ya mawe iliyochoka."
"Na nani amemlilia?"
"Hakuna. Kinyozi amepita, akavua kofia."

Dani akakaza leso kiunoni.
"Basi amekuja kutafuta watu.
Mpe mtoto hilo jina kabla mwenyewe hajaenda mlango mwingine."
Akachinja kuku aliyekuwa akiatamia.
Kisha akatoka, mikono kichwani,
akaomboleza hadi kwenye ua wa minyaa,
mwanamke asiyejua hata A
akimlilia mzungu wa karatasi
mpaka majirani wakaja na taa kuuliza ni nani ametutoka.

Darasani tulikuwa na akina Mary wanne.
Mimi nilikuwa mmoja.
Hakuna shangazi aliyenishika kidevu akidai pua yake,
wala aliyesema, marehemu hakuwa mvivu hivi.
Nililivaa jina kama gauni la mtumba:
limepigwa pasi na mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua,
lakini mabegani, lo, kana kwamba nilipimwa.

Mwaka jana, Kisumu, nikitoka sokoni,
nikaona gunia la vitabu limetandazwa mbele ya benki.
Nilikitambua kwa sentensi ya kwanza.
Cha baba kiliishia mia mbili na kumi na mbili.
Hiki kilikuwa na karatasi themanini zaidi.

Nilisoma nimesimama, mfuko wa omena begani.
Mia mbili na kumi na tatu: anakohoa.
Kinyozi anarudi na blanketi.
Anapona, jamani. Anaolewa naye. Ananenepa.
Mwishoni kabisa analalamikia bei ya siagi.

"Unachukua, mama? Hamsini tu."

Nikamkumbuka Dani, wiki ile ya mwisho,
pumzi zikimjia kwa kukopa:
"Huko nikifika nitamtafuta yule wako.
Nimwulize kama kile kifua kilitulia."

Nikalipa. Nikachana kuanzia mia mbili na kumi na tatu,
taratibu, nisiharibu uzi,
nikamwachia muuzaji zile themanini
afungie njugu.