Gramu Nne na Nusu

Ijumaa, muadhini hajasafisha hata koo,
tulishakiacha nyuma kituo cha mwisho cha petroli cha El Oued:
watu watano, pikipiki tano, birika moja.
Lami ilipokatika Lazhar akatusimamisha,
akabonyeza vali kwa ncha ya ufunguo.
"Toeni upepo. Nusu. Zaidi ya nusu.
Tairi iliyoshiba huzama, yenye njaa huelea."
Tukachutama sote kama watu wanaotawadha,
na mlio ule, sss, sss,
ndio uliokuwa dua yetu ya safari.

Mimi ni mfamasia. Nasema mapema
usije ukanitarajia ushujaa.
Lazhar hutengeneza pampu za maji.
Tedjani hufundisha hesabu, na kila tuta
hulipigia hesabu kwanza, kisha huanguka.
Mebrouk huuza tende na haongei.
Na Hamma, kitinda mimba wetu,
Jumapili angepanda ndege kwenda Montreal.
Hilo hakuna aliyelitaja. Lilipakiwa chini kabisa,
chini ya spana, chini ya mikate.

Barabara humvumilia anayesita.
Mchanga hauna subira hiyo:
punguza moto, umekumeza;
shika breki, umekumeza kichwa kwanza.
"Usilitazame gurudumu! Tazama uendako!"
Lakini macho yangu yamelelewa na maandishi madogo ya chupa,
yakarudi chini, yakalisoma gurudumu,
na gurudumu, kama mgonjwa anayekaziwa macho,
likaanza kutetemeka.

Nilianguka mara saba.
Tedjani anasema tisa.

Halafu, mara moja tu, sijui kwa nini,
nikasahau kuogopa.
Injini ikapanda sauti, tuta likalala chini yangu
kama mnyama aliyekubali kupakiwa,
na kileleni palikuwa na anga, na kimya,
na nyuma yangu vijana wa miaka arobaini na ushei
wakipiga mayowe kama harusini.

Hamma alituzidi wote. Aliruka kilele
bila kujua kwamba ng'ambo kuna shimo la mitende,
zile bustani zinazochimbwa chini ya jangwa
hata vichwa vya miti vinakuwa sawa na viatu vya mpita njia.
Tulisikia kishindo. Tukasikia matusi.
Matusi yakatuliza moyo: si ya Hamma, ya mwenye shamba,
maana yake kuna anayestahili kutukanwa, yu hai.
Mama mmoja, sepetu mkononi, akatutukana hadi babu zetu;
wiki nzima alikuwa akiupandisha mchanga ule,
nasi tumeurudisha kwa dakika moja.
Tukaupandisha upya, watano, kwa helmeti zetu.
Alipochoka kutukana, akatupa maziwa ya mbuzi.

Mkono wa klachi ulikuwa umekatika.
Lazhar akachukua kijiko cha chai, akakifunga kwa waya,
na chai tukaikoroga kwa bisibisi.
Hapo ndipo Mebrouk alipofungua kinywa:
"Huko uendako kuna mchanga?"
"Kuna theluji," akasema Hamma.
Lazhar hakuinua macho kutoka kwenye moto.
"Toa upepo. Nusu."
Tukacheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe,
kisha kila mtu akapata shughuli na kamba za viatu vyake.

Jumapili, saa ya ndege yake, nilikuwa dukani.
Nilivua buti nililoling'ang'ania tangu juzi,
nikalipindua juu ya mizani ya dawa:
gramu nne na nusu.
Nikazitia kwenye bahasha ya vidonge,
nikaandika kwa kalamu, mwandiko wangu mbaya wa kazi:
*Hamma. Chembe moja, baridi ikizidi.
Usinywe. Tazama tu.*

Bado sijaituma. Sijui kama forodha hupitisha mchanga.
Iko kwenye droo, pamoja na vipimajoto,
na mara nyingine, mteja akichelewa kutafuta chenji,
naifungua kidogo,
napima tena.