Daftari la Machela

Mimi ndiye katibu. Kalamu ya bluu ni yangu,
daftari lenye jalada la plastiki ni la wote.
Kaya arobaini na moja za mlima wetu, juu ya Rukungiri,
nimeziandika kwa mwandiko aliousifu mwalimu
kabla karo haijanikatia njia.

Sheria ya kwanza tuliikuta: mgonjwa habebwi na miguu yake.
Machela ya mianzi, mabega manne, wengine wanne wa kupokezana,
asiyetokea hutozwa debe la uji wa mtama.
Sheria ya pili ilikuja na hospitali ya misheni:
elfu kumi na tano kwa kichwa, kwa mwaka,
ukilala wodini, utalipa kidogo tu dirishani.
Niliihubiri kama mlokole aliyeokoka jana.
"Ugonjwa haupigi hodi," nikawaambia,
nao wakanipa noti zilizokunjwa
hadi ukubwa wa punje ya haragwe.

Mwaka huu gunia la viazi lilishuka bei.
Nyumbani nina vichwa sita: elfu tisini.
Niliwatazama wakila. Mashavu, meno, kelele.
Nani hapa anaumwa?
Nikanunua dawa ya ukungu, nikapulizia shamba.
Kwenye mstari wangu sikuweka tiki, niliweka mkato,
mkato mdogo, kama mtu anayesema, nakuja.

Mzee Bwengye, wa presha na sukari, alilipa wa kwanza.
Wagonjwa ndio huwahi foleni ya bima;
sisi wazima tunadhani mwili ni risiti.

Usiku wa Jumanne Kyomuhangi akajikunja
kama jani la mgomba juu ya moto.
Kituo cha serikali kiko karibu, tena ni bure:
kitanda bure, ushauri bure, rafu tupu bure.
Muuguzi akaniandikia karatasi: glavu, dripu, nyuzi, kanunue.
Kisha akanong'ona: huyu ni kidole tumbo, mkimbizeni misheni.

Walikuja. Sikuita mara mbili.
Turyahikayo mbele, wanawe nyuma,
Bwengye mwenyewe, na presha yake, akishika taa.
Saa tatu za mteremko, na utelezi,
na hakuna aliyeniuliza kama nimelipa.

Dirishani, binti wa hesabu alifungua nakala ya daftari.
Mwandiko wangu ukanitazama.
"Na hapa?" akauliza, kidole juu ya mkato.
Nyuma yangu mabega manane yalikuwa bado yanahema.
Nilisema sijui ni nani aliyeandika.

Laki saba na arobaini.
Bihogo, mtamba wetu, mwenye mimba ya kwanza,
aliuzwa alfajiri, laki nne,
kwa mtu aliyejua kwa nini ninauza.
Zilizobaki nimekopa, na riba haina likizo.

Kyomuhangi yu hai. Anakaa mlangoni anamenya viazi,
haruhusiwi jembe hadi mvua ya pili,
kwa hiyo hata mavuno yajayo tumekwisha kuyalipa.
Kamba ya Bihogo bado iko kwenye kigingi.
Mtoto anaizungusha, anauliza maziwa ni lini.

Jumapili nitasimama tena mbele ya kaya arobaini na moja.
Nimejaribu kuufuta ule mkato kwa mate na kidole.
Karatasi imetoboka,
na kwenye tundu, kutoka ukurasa wa pili,
linachungulia jina la Bwengye, na tiki yake.