Saba Mara Nane

Mto Zigi haukubisha hodi.
Uliingia Darasa la Tatu usiku wa Jumanne,
ukakalia madawati yote, mbele mpaka nyuma,
na ulipoondoka
uliondoka nayo.

Asubuhi nilikuta ukuta mmoja umesimama
kama mtoto aliyesahauliwa kwenye adhabu.
Ni ule wa ubao.
Maji yaliufika kifuani, yakaacha mstari wa tope.
Juu ya mstari, kwa mwandiko wangu:
7 × 8 =
Hapo ndipo kengele ilipolia.

Miezi minane tulisomea kwenye ghala la mkonge.
Nyuzi ziliwawasha watoto shingoni,
wakaandika kwa mkono mmoja, wakajikuna kwa mwingine.
Niliita majina kutoka daftari lile lile
lililokauka juani, likajipinda kama ng'onda.
Kupaza? Nipo.
Mwanakombo? Nipo.
Zuhena?
Darasa zima: Yuko Handeni, mwalimu, kwa shangazi yake!
Najua yuko Handeni.
Nikiliruka jina lake
nitakuwa nimemfuta mimi, si maji.

Kokoto zilitoka Pongwe kwa lori la mkopo.
Mchanga waliuchota kina mama, mtoni kule kule.
Mama Mwanakombo alizamisha ndoo ya kwanza, akasema:
"Ulichukua. Sasa lete."
Na mto ukalipa, ndoo kwa ndoo,
bila kuomba radhi.

Saruji iliandikwa mifuko arobaini.
Ilifika thelathini na tisa.
Mmoja ulipotea njia nyumbani kwa mwenyekiti,
na kesho yake choo chake kiliamka kina sakafu.
Mkutano ulikaa tangu adhuhuri hadi magharibi.
Akarudisha mifuko miwili na beberu,
beberu tukamla siku ya kumwaga zege,
tukimsifu mpishi tu.

Kisha akaja mhandisi kutoka Muheza,
akapitisha kidole kwenye ufa wa ukuta wangu.
"Huu hauna maisha," akasema. "Bomoeni."

Fundi Shemdoe akainua nyundo.
"Subiri!"
Ni Kupaza, mdogo kuliko wote.
Aliokota kipande cha mkaa, akachuchumia,
akaandika 54.

Kimya.

Mwanakombo akamsogeza kwa bega,
akafuta kwa kiganja, akaandika 56,
akapangusa mkono kwenye sketi,
akamwambia fundi: "Haya."

Shemdoe alipiga mara moja tu.

Kifusi tukakimwaga chini ya sakafu mpya,
huku juu kwenye mwinuko,
hatua mia nne na kumi na mbili kutoka mtoni.
Wamezihesabu wenyewe, zaidi ya mara moja.

Leo vuli imeanza.
Bati likipigwa na tone la kwanza
vichwa thelathini na sita vinageukia mlango.
Sisemi msiogope. Mimi mwenyewe nimeshapima kwa macho
dirisha lipi ni pana.
Nachukua chaki.
"Kupaza, saba mara nane?"

Anasimama.
Mvua inazidi, lazima apaze sauti.
Lakini kabla ya kujibu
anainamisha macho,
anaitazama sakafu.