Hatua Kumi na Moja

Walikuja baada ya isha, na nyundo, na sururu,
vijana wetu wenyewe, si wageni.
Sebiti nimembeba mgongoni.
Marijani alinivunjia dirisha kwa mpira,
akaja kuomba radhi akilia.
Usiku ule hakulia.

Alfajiri tarumbeta ya kambi ikapigwa, Bombo ikaamka,
na kuba la Shehe Fadhulimula lilikuwa rundo,
chokaa juu ya nyasi kama unga wa muhogo ulioanikwa,
mijusi nje, haijui ihamie wapi.

Msikitini wakawaka.
Huyu: Mtume kaamrisha, kaburi lililoinuka lisawazishwe,
na wanawake wanafunga vitambaa pale, wanamwomba maiti watoto!
Yule: Mtume huyo huyo katuambia tuzuru makaburi,
utazuru nini sasa, majani?
Mzee Abdulkheri akauliza matofali ni mali ya nani.
Hakujibiwa.
Kufika alasiri yalikuwa yamepungua.

Mimi sina kitabu.
Shehe sikumwomba kitu, naapa,
sikufunga kitambaa, sikufukiza ubani,
udongo wake sikuulamba hata nilipokuwa na mimba.
Pengine vijana wana haki. Mwenye mbingu hana bawabu.

Ila mwaka wa vita, usiku wa kukimbia,
nilizika mtoto wa siku mbili
katika shimo tulilochimba kwa mfuniko wa sufuria.
Hana jiwe. Jina hatukuwahi kumpa.
Mama akanishika mkono gizani: Hesabu.
Kutoka pembe ya kuba, ile ya upande wa kibla,
hatua kumi na moja, kisha mbili kushoto.
Hesabu tena.

Tuliporudi kutoka Sudani pori lilikuwa limemeza kila kitu,
nyumba, kisima, njia ya kwenda kisimani.
Kuba tu lilichomoza.
Nikahesabu, nikamfikia.
Tangu hapo kila Ijumaa watu wakiniona pale
hudhani namzuru shehe. Niliwaacha wadhani.

Leo nimesimama penye rundo.
Moja naianzia wapi?

Sebiti anapanga matofali kwenye toroli.
Bibi, umepoteza kitu?

Njoo, nikamwambia. Simama hapa.
Hapana, rudi nyuma kidogo. Kidogo tena.
Nyooka. Usitikisike.

Nikampa mgongo,
nikainua mguu.