Kijiti

Mpwa wangu Zbyszek alikileta mfukoni,
kimechanganyika na tiketi za tramu na maganda ya alizeti.
"Shangazi, hii ni kompyuta."
Nikamwuliza, na iliyobaki iko wapi?

Hakuna iliyobaki.
Urefu wa kidole cha kati, unene wa kipande cha jibini.
Akakichomeka mgongoni mwa runinga,
mahali ninapofuta vumbi mara moja kwa mwaka, kuelekea Pasaka,
na runinga, iliyozoea kunisemesha bila kunisikiliza,
ikanyamaza,
ikasubiri niseme mimi.

Mashine nazijua. Miaka thelathini na moja nazijua.
Mashine ya kweli hukutetemesha meno.
Kiwandani, hapa hapa Łódź, ukumbi wa pili,
mitambo ya kufumia ilinguruma hata tukajifunza
kusomana midomo,
na sikio langu la kushoto halikutoka nami langoni;
lilifumwa ndani ya shuka
ambalo sijui analilalia nani.

Hiki hakina feni. Hakikohoi.
Wiki ya kwanza nilikuwa nikiamka usiku kukigusa
kama umgusavyo mtoto aliyelala kupita kiasi.
Vuguvugu.
Haya, kipo.

Kina adabu zake. Fungua dirisha moja, kinakuitikia.
La pili, kinavuta pumzi.
La tatu, kinakwama, nami sigombi,
naenda kumenya viazi,
nikirudi kimefika na bili ya gesi imelipika,
na daktari wa macho kanipa Alhamisi, saa nne na robo.
Zbyszek anakereka. "Nitakununulia kubwa."
Nami namwonyesha karatasi ya umeme:
hiki kinakula kidogo kuliko taa ya ngazini
ambayo Bwana Pietrzak huizima tukiwa bado tunapanda,
eti tusifilisike.

Kuna jambo sijamwambia.

Jedwali lilianza na mitungi ya matango:
tarehe, chumvi, bizari, mtungi uliopasuka.
Safu ya tano ilikuwa tupu.
Usiku mmoja magoti yalipokataa kulala
nikaandika humo, sijui kwa nini: Genowefa, mtambo wa sita.
Na kando: alivaa viatu vya mumewe, vimejazwa pamba ya sakafuni.
Kisha Kunegunda, wa saba, aliyeimba;
hatukuwahi kuisikia sauti yake,
tuliuona wimbo tu, shavuni.
Kisha Teodozja. Kisha Wiesia, yule wa kidole.

Sasa wako tisini na wanne.
Matango nimeyahamishia daftari.

Jumapili nikamwuliza Zbyszek, kama mtu asiye na neno,
hicho kijiti kinabeba wanawake wangapi?
Akacheka, supu ikamwagika.
"Majina tu? Wa Poland nzima, Shangazi, na nafasi itabaki."
Si majina tu, nikasema.
Akaniangalia. Nikamwongezea supu.

Leo theluji imelala juu ya bomba la moshi la kiwanda
ambalo siku hizi ni pambo la duka la viatu.
Nimefika mtambo wa kumi na tisa.
Msichana mwembamba, alikaa nasi majuma matatu,
alikuwa akila tufaha pamoja na mbegu zake.
Midomo yake naiona. Inatamka jina lake, taratibu,
kama tulivyowatamkia wageni wote,
na mimi, niliyesoma midomo chini ya ngurumo ile yote,
hapa, katika kimya hiki, siwezi kuisoma.

Mtambo wa kumi na tisa: kisanduku kitupu.
Ndani yake kistari kinawaka, kinazima, kinawaka.
Nimeweka maji ya chai.
Kijiti hakina haraka,
nami usiku wangu ni mrefu.