Daftari la Mangi, Mabibo

Wananiita Mangi. Himaya yangu
ni mita tatu kwa nne, nondo dirishani,
friji ya soda isiyofunga vizuri
na mizani ya betri yenye stika ya serikali:
mtu wa vipimo alipita Februari
akaijaribu kwa mawe yake ya shaba,
akasema, "Hii haidanganyi hata gramu."

Machi vyuo vikafungwa.
Hosteli ikawamwaga wanafunzi na magodoro yao
kuelekea Ubungo, na jioni ile ile
Chausiku, aliyezoea kuchukua mchele kilo kumi na mbili,
akasimama dirishani: "Nipimie moja.
Na hiyo moja, andika."

Nikaandika.

Nyuma ya duka amepanga nesi Eliwaza.
Hurudi Amana alfajiri, huvua viatu nje,
huloweka sare kwenye beseni
na haongei mpaka amalize kuoga.
Siku moja alisimama ng'ambo ya mtaro:
"Mangi, funga. Wiki tatu tu.
Watu wanapeana pumzi hapo kwako
kama wanavyopeana chenji."
Barakoa ilikuwa imemchora mashavuni
kama mtu aliyelalia mkeka.

Chausiku alikuwa anakwangua sufuria. Alisikia.
"Afunge. Halafu mimi nikakope wapi?
Dada, mshahara wako unaingia hata mvua ikinyesha."
Eliwaza hakujibu. Aliingia ndani.
Na mimi, niliyetaka mmoja wao awe na kosa
ili nipate usingizi,
nilitafuta, sikumpata.

Basi nikafanya nusu nusu.
Nikavuta kamba ya katani, mita moja toka dirishani.
Nikaweka ndoo ya koki na kipande cha sabuni
nilichokitoboa nikakifunga uzi, kisitembee.
Benchi nikaliingiza ndani; wacheza drafti wakaninunia.
Limao likapanda toka mia hadi mia tano
nami nikaliuza mia tano. Sitakuficha.

Daftari likanenepa. Shayo wa jumla, Manzese,
akapiga simu: "Ndugu yangu, pole na hali,
lakini korona haifuti deni."

Mkude fundi bajaji hakuiheshimu ile kamba hata siku moja.
Aliinama akapita chini yake, mikono ya grisi,
anionyeshe kwenye simu picha ya mjukuu.
"Yaani mimi na wewe tutenganishwe na katani?"
Ningeweza kumwambia arudi nyuma.
Alikuwa mteja. Alikuwa rafiki.
Sijui ni lipi kati ya hayo lililonifunga mdomo.

Changamoto ya upumuaji, walisema.
Waliruhusiwa kuzika watu kumi. Sikuwa wa kumi.

Bintiye alikuja siku ya nane.
Alinawa hadi viwikoni, akasimama nyuma ya kamba,
akafungua fundo la khanga.
"Baba alikuwa na deni hapa. Elfu nne na mia tatu."
Nikasema, acha, mama, tumesamehe.
Akasema, "Usinisamehe. Hesabu."

Zilikuwa sarafu tupu. Akaziacha kwenye sahani, akarudi nyuma,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukazimwaga zote kwenye maji ya sabuni
angali ananitazama.

Usiku niliziweka juu ya mizani zikiwa zimelowa.
Gramu mia moja tisini na moja.
Nikazifuta moja moja, nikazirudisha:
mia moja themanini na saba.
Shuleni nilifundishwa mizani nyingine,
kumi na sita kwa kila mshororo, na ikizidi, umekosea.
Ile niliifaulu.

Asubuhi Eliwaza amepita, viatu mkononi.
Ameitazama kamba, akanitazama, hakusema kitu.
Chausiku amekuja nyuma yake: "Leo nusu, Mangi."
Nimepima nusu. Nimeandika.
Ukurasa wa Mkude umelipwa wote
na sijaupiga mstari bado.