Vibanio

Kwanza ilikuwa kamba moja tu
kutoka msumari wa dirisha
hadi msumari wa kalenda ya mwaka uliokwisha,
na vibanio vya mbao ishirini na vinne
nilivyonunua kwa Mama Nsimire,
nusu franga, nusu ahadi.

Nikavipaka wino uliobaki kwenye mashine:
chekundu, HARAKA.
Cha bluu, KAZI.
Cha kijani, NYUMBA.
Cheusi, DENI.
Na vile ambavyo wino haukuvitosha
nikaviita KESHO.

Mimi ni mchapaji wa barua, hapa Kadutu,
pale ngazi zinapopinda.
Watu huniletea maisha yao kwa mdomo,
nami nawarudishia kwa karatasi, nakala tatu:
ombi la kazi, mwaliko wa harusi, tangazo la kifo,
na yule anayemshitaki jirani wa juu
kwa mfereji ulioshusha udongo
mpaka kitandani mwake.

Rangi zilinisaidia, sikatai.
Umeme ukirudi saa nane za usiku
naamka, sifikiri, nafuata wekundu.

Lakini wekundu una tabia ya kaa la moto,
kilicho kando yake nacho hushika.
Kodi, kwa mfano: ni NYUMBA au ni DENI?
Dawa za mama ni NYUMBA, ni HARAKA,
na kwa kuwa Balolage wa duka la dawa
hukubali nimlipe kwa kumchapia ankara zake,
ni KAZI vilevile.
Karatasi moja, vibanio vitatu.
Kamba ikaanza kulegea katikati
kama mgongo wa mama mbeba magunia
anayepanda kutoka bandarini.

Kufika mwezi wa tano
kila kitu kilikuwa kimehamia kwenye vyekundu,
mbili mbili, tatu tatu,
kibanio kimoja kikibeba saba na kukenua meno.
Vya KESHO vilining'inia vitupu.
Isipokuwa kimoja.

Jumapili mvua ilinyesha tangu misa ya kwanza,
ikakatika saa kumi bila kuaga.
Nikarudi toka kwa fundi wa mashine
nikakuta kamba uchi,
karatasi zote rundo moja mezani,
juu yake jiwe,
jiwe lililooshwa.

"Nabintu!"
"Papa, nguo za masomo hazijakauka.
Na kesho Jumatatu."

Nje, kwenye waya wa nyuma:
shati jeupe, bega la kushoto DENI,
bega la kulia HARAKA.
Sketi ya bluu imeshikwa na KAZI mbili.
Soksi moja NYUMBA.
Soksi ya pili, ile yenye tundu kisiginoni, KESHO.

Nilitaka kugomba. Mdomo ulishafunguka.
Upepo ukapanda kutoka ziwani,
shati likajaa kifua kisicho cha mtu,
likavuta, likavuta,
DENI ikatikisika na haikuachia.
Nikasema moyoni, angalau hiyo ni imara.

Nikarudi ndani kupanga upya.
Chini kabisa ya rundo, karatasi iliyogeuka manjano,
alama mbili za meno ya kibanio pembeni,
na maneno mawili tu, kwa herufi za mashine ya zamani:
Ndugu Chishugi.

Miaka minne.
Amehama Kalemie labda, labda ameoa tena.
Nimewaandikia watu wa mtaa mzima kwa ndugu zao,
nimewatafutia hata neno la kuombea msamaha,
nikawatoza franga mia tano kwa ukurasa.

Bila kibanio sikujua ni karatasi ya aina gani.
Niliizungusha mkononi kama kitu cha mteja
asiyeacha jina.

Halafu taa ikawaka, mapema, kwa makosa ya mtu fulani,
na kabla sijachagua rangi nikachapa:
hapa kwetu mvua imekatika.
Nabintu amekua, anajifulia mwenyewe.
Ile feza ya bati, tuiache.

Nikaifuta ya mwisho. Nikairudisha.

Usiku nilitoka na tochi kugusa nguo.
Shati lilikuwa tayari.
Soksi yenye tundu, bado mbichi.
Nikaiacha hapo hapo ilipobanwa.